Barua ya wazi: Tusisubiri msiba ndipo tumjue diwani wetu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI);
Kwa Mwenyekiti wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi;
Kwa wakurugenzi wa halmashauri zote saba za Mkoa wa Kilimanjaro, ambao ndio makatibu wa mabaraza ya madiwani.

YAH: KUMBUKUMBU ZA MAISHA NA UTUMISHI WA MADIWANI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwananchi wa hapa Moshi mjini, mwenye steshenari ndogo isiyo mbali na stendi kuu ya mabasi. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nalamineti vyeti na kuandaa kadi za harusi, lakini kazi iliyoilisha nyumba yangu kuliko hizo zote ni ya misiba. Familia inapofiwa huku kwetu, ikishapanga siku ya mazishi na kuagiza turubai na jeneza, mtu mmoja hutumwa mjini na karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono, na karatasi hiyo ndiyo ninayoigeuza kuwa ratiba ya ibada yenye picha ya marehemu mbele na wasifu wake ndani. Nimechapa wasifu wa wakulima wa kahawa, wa walimu, wa makondakta na wa kina mama waliouza ndizi Mbuyuni maisha yao yote, na baada ya miaka zaidi ya ishirini naweza kusema bila majivuno kwamba najua jinsi watu wa Kilimanjaro wanavyosimulia maisha ya mtu: alizaliwa lini na akiwa mtoto wa ngapi, alibatizwa wapi, alisoma hadi darasa la ngapi, aliajiriwa na nani na kustaafu lini, alianza kuugua mwezi gani, na ameacha wajukuu wangapi. Hakuna kinachorukwa. Hata aliyefanya kibarua cha miezi minane kiwandani hutajiwa mwezi alioanza na mwezi alioacha.

Kuna utumishi wa aina moja tu ambao katika karatasi hizo huandikwa kwa kubahatisha, nao ni udiwani.

Nieleze kisa kimoja. Alifariki mzee mmoja aliyewahi kuwa diwani wa kata ambayo sitaitaja, kwa sababu familia yake ipo na kwa sababu kisa chenyewe kingeweza kutokea katika kata yoyote. Mwanawe wa kiume alifika dukani jioni, mazishi yakiwa keshokutwa. Aliniamkia, nikampa pole, akanikabidhi karatasi. Mistari kumi na mitatu ilikuwa ya shule, kanisa, kazi ya ukarani aliyoifanya marehemu ujanani na maradhi ya figo yaliyomsumbua mwishoni. Kuhusu udiwani palikuwa na sentensi moja: "Pia aliwahi kuwa diwani kwa vipindi viwili na alishirikiana vizuri na watu wote."

"Vipindi vya kuanzia lini hadi lini?" nilimuuliza.

"Mzee, kwa kweli miaka siikumbuki. Mimi nilikuwa shule ya msingi."

"Na alikaa kamati gani?"

Kijana alimpigia simu baba yake mdogo, baba mdogo akamwelekeza kwa shangazi, na shangazi akasema anachokumbuka yeye ni mbuzi aliyechinjwa nyumbani siku kaka yake alipotangazwa mshindi. Asubuhi yake kijana alikwenda kwenye ofisi moja ya serikali, ambayo nayo sitaitaja, kuuliza kama wanayo kumbukumbu ya miaka ambayo baba yake alikuwa mjumbe wa baraza. Aliambiwa kwanza kwamba mafaili ya zamani yako stoo na mwenye ufunguo yuko likizo. Alipouliza kama hakuna mwingine awezaye kufungua, akaambiwa kwamba hata hivyo taarifa hizo ni za mtu binafsi na hazitolewi ovyo. Aliyeomba alikuwa mtoto wa mtu huyo, na mtu mwenyewe alikuwa mochwari.

Basi tukakadiria. Niliandika kwamba marehemu alichaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995, kwa kuwa kila mtu anaukumbuka mwaka huo kuwa wa uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, nikatoa nakala mia tatu. Wasifu ukasomwa kihambani, yaani shambani kwa ukoo, kando ya migomba, watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Tulipokuwa tunanawa mikono kwa ajili ya chakula, mzee mmoja wa rika la baba yangu alinijia na karatasi ile, akaweka kidole kwenye mstari wa tisa.

"Mwanangu, hii 95 umeitoa wapi? Sisi 95 hatukuchagua diwani. Madiwani tuliwachagua mwaka mmoja kabla."

Alikuwa sahihi. Uchaguzi wa kwanza wa madiwani chini ya mfumo wa vyama vingi ulifanyika Oktoba 1994, mwaka mzima kabla ya ule wa Rais na wabunge, na ni mwaka 2000 ndipo madiwani walipoanza kuchaguliwa siku moja na viongozi hao wengine. Nilikuwa nimempunguzia marehemu mwaka mmoja wa utumishi wake mbele ya kaburi lake mwenyewe, na kama si mzee yule mwenye kumbukumbu nzuri, karatasi yangu ndiyo ingebaki kuwa historia, kwa sababu katika nyumba nyingi za huku kwetu ratiba ya msiba huhifadhiwa ndani ya Biblia na huaminiwa karibu kama Biblia yenyewe.

Ombi langu kwenu linatokana na aibu hiyo. Naomba kila halmashauri itunze wasifu wa utumishi wa kila diwani na kuutangaza angali hai na angali madarakani, ili mwananchi yeyote aweze kuusoma bila kuomba ufunguo wa stoo.

Sisemi kwamba taarifa hizo hazipo. Zipo, ila zimetawanyika na hufifia haraka. Anayetaka udiwani hujaza fomu ya uteuzi na kutoa tamko mbele ya hakimu, na fomu za walioteuliwa hubandikwa mahali pa wazi ili wagombea wenzake wenye pingamizi wapate kuzikagua. Baada ya siku hizo chache fomu huondolewa ubaoni, kampeni huanza, na tangu hapo kinachobaki mikononi mwa mpiga kura ni bango lenye picha, jina na alama ya chama. Mbunge hayuko hivyo. Mbunge ana ukurasa wake kwenye tovuti ya Bunge ambako shule alizosoma, kazi alizofanya na nyadhifa alizoshika zimepangwa kwa miaka, na anachokisema ukumbini kinaingia katika taarifa rasmi za majadiliano. Tovuti za halmashauri nyingi hutaja jina la diwani na kata yake, na mara nyingi huishia hapo.

Wiki ileile ya msiba nilikuwa nimechapa maombi ya kazi ya ulinzi wa usiku katika shule moja. Kijana aliyeomba alitakiwa kuambatanisha barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa, nakala ya cheti cha kidato cha nne, cheti cha mafunzo ya mgambo, wasifu binafsi na majina ya wadhamini wawili. Nilipomaliza kubana karatasi zake kwa pini nilijiuliza ni lini mara ya mwisho niliona hata nusu ya hayo kuhusu mtu anayepitisha bajeti ya shule hiyo.

Nafahamu jibu ambalo baadhi yenu mnalo tayari, kwamba diwani hakuajiriwa bali amechaguliwa, na wapiga kura wake wanamjua. Kwenye kata za vijijini jibu hilo lina uzito. Kule Uru, Kibosho au Old Moshi mtu anajulikana kwa ukoo, kwa kihamba na kwa babu yake, na si rahisi kuficha ulikotoka. Lakini kumjua mtu ni mwana wa nani si sawa na kujua alifanya nini barazani. Na hapa mjini hata ukoo haujulikani. Mpangaji aliyehamia Pasua au Njoro mwaka jana, mwanafunzi wa chuo, mfanyabiashara kutoka Same au Singida, wote hao wana haki ya kupiga kura katika kata wanakoishi, na hawana shangazi wa kumpigia simu.

Tena udiwani si kazi ya kutwa. Diwani hupokea posho na huendelea kuishi kwa shughuli zake: mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi, mwingine ni mwalimu mstaafu, mwingine ana lori la kubebea mchanga, mwingine analima nyanya. Sioni kosa lolote katika hilo, na kwa kweli ndiyo maana napenda mabaraza yetu, kwa sababu humo huketi watu wanaojua bei ya mfuko wa saruji bila kuuliza. Lakini diwani huyohuyo ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndiye anayeketi kwenye kamati ya fedha au ya mipango miji, ndiye anayepitisha sheria ndogo ambazo mgambo wa jiji au manispaa hututoza faini kwazo, na ndiye anayepiga kura, pamoja na wajumbe wenzake wa baraza, katika uchaguzi wa meya au mwenyekiti wa halmashauri, kwa maana mimi na wewe hatumchagui meya. Mtu mwenye madaraka hayo, aliyopewa kwa sheria za serikali za mitaa, Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982, anapaswa kufahamika anaishi kwa kazi gani. Sheria na kanuni za maadili tayari zinamtaka mjumbe mwenye maslahi ya kifedha katika jambo linalojadiliwa ayataje na asishiriki kulipigia kura. Sasa mwananchi aliyekaa kwenye viti vya wasikilizaji atajuaje kwamba maslahi hayakutajwa, ikiwa hajui hata kwamba mheshimiwa ana lori?

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao husahaulika, nao ni upande wa sifa. Moshi inasifika nchi nzima kwa usafi. Mgeni akishuka kwenye basi na kutupa ganda la muwa chini, hata mpiga debe humkemea. Usafi huo haukushuka kutoka mlimani pamoja na maji. Ulitokana na sheria ndogo, na sheria ndogo hutungwa na baraza: kuna diwani aliyeleta hoja, kuna waliopinga kwa kuhofia kura za wachuuzi, na kuna kamati iliyokaa kupanga viwango vya faini. Nimewauliza wateja wangu kwa muda mrefu, wakiwamo wazee waliozaliwa Kaloleni na Majengo, ni madiwani gani walioanzisha jambo hilo, na sijapata mtu aliyenitajia hata jina moja kwa uhakika. Mji unajivunia kazi ambayo haumjui fundi wake.

Ajabu ni kwamba zamani kidogo tuliweza. Viongozi wa chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925, ambacho mwaka 1933 kilizaa chama kikuu cha ushirika cha KNCU, wanajulikana kwa majina, kwa vyeo na kwa ugomvi wao na serikali ya Mwingereza, kwa kuwa waliandika barua na mihtasari ya vikao na karatasi hizo zikatunzwa. Tunajua kwamba mwaka 1951 Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, yaani chifu wao mkuu, na kwamba mwaka 1960 walipiga kura tena wakaamua wawe na rais wa kuchaguliwa badala ya mangi, nafasi aliyoishika Solomon Eliufoo. Tunajua kuwa Eliufoo alikuwa mwalimu kabla ya siasa, na tunajua kuwa baadaye alikuwa Waziri wa Elimu. Mtoto wa sekondari anaweza kuyapata hayo yote kwa mchana mmoja. Mtoto huyohuyo akitumwa na mwalimu wake atafute nani alikuwa diwani wa kata yao mwaka 2002, alisoma wapi na alikaa kamati gani, atarudi na majibu matatu tofauti kutoka kwa mabibi watatu. Mtu anaweza kusingizia kwamba halmashauri zilifutwa mwaka 1972 na kurejeshwa kwa sheria za 1982, kwa hiyo nyuzi zilikatika. Sawa, lakini mwaka 2002 haukuwa na kisingizio hicho, na mwaka jana hauna pia.

Niseme sasa juu ya hofu mbili ambazo najua zitainuliwa, kwa sababu nimeshazisikia hapa hapa kaunta.

Ya kwanza ni ya elimu. Sheria haimtaki diwani awe na shahada. Inamtaka awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Kilimanjaro ni mkoa unaoabudu vyeti (nisamehewe neno hilo, mimi mwenyewe nala kwa kuvilamineti), na wapo watakaosema kwamba kutangaza wasifu ni kumvua nguo diwani wa darasa la saba mbele ya wapangaji wenye digrii. Naielewa hofu hiyo na siipuuzi. Lakini siombi orodha ya vyeti, naomba orodha ya kazi, na kazi ni pana kuliko shule. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne kwa nne kwa mbili. Katika kusimamia fedha hizo, mama aliyekuwa mweka hazina wa VICOBA kwa miaka kumi na miwili bila daftari lake kukataa hesabu ana jambo la kutufundisha ambalo halifundishwi chuoni, na nafasi ya mama huyo kuonekana ni kwenye wasifu ulioandikwa vizuri. Kwa sasa anaonekana kwenye bango tu, sawasawa na asiyewahi kushika hata hazina ya kikundi cha kufa na kuzikana.

Ya pili ni ya faragha, na ndiyo iliyomrudisha kijana wangu mikono mitupu. Ni kweli tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na naiunga mkono, maana dukani kwangu hupita vitambulisho vya watu wengi na najua vinavyoweza kutumiwa vibaya. Lakini tunayo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ya umma kumjibu mwombaji ndani ya siku 30. Sheria hizo mbili hazigombani mtu akizisoma pamoja. Namba ya simu ya nyumbani, dini, kabila, ndoa, afya na majina ya watoto wa diwani havituhusu, na mimi ningekuwa wa kwanza kukataa kuvichapa. Kata aliyoiongoza, tarehe aliyoapa, chama kilichompendekeza, shughuli anayojipatia riziki kwayo, kamati alizokaa, vikao alivyohudhuria na asivyohudhuria, hayo si mambo ya chumbani. Yametendwa kwa niaba yetu, baadhi yake katika vikao ambavyo milango yake iko wazi kwa wananchi. Kuhusu mali, madiwani ni miongoni mwa viongozi wanaopeleka tamko kwenye Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na utaratibu huo una sheria yake tangu mwaka 1995. Sitaki kuuingilia humu, maana nikiuingiza mtaacha hili dogo kwa kuogopa lile kubwa.

Niwataje pia madiwani wa viti maalum, ambao idadi yao haipungui theluthi moja ya madiwani wa kata. Hao ndio waliofunikwa kabisa. Diwani wa kata walau ana kata inayomdai barabara na zahanati. Diwani wa viti maalum ni mjumbe kamili wa baraza, anapiga kura kama wengine, lakini ukiwauliza wanawake kumi sokoni Kiboriloni ni nani wanaowawakilisha kwa viti hivyo, utashukuru ukipata mmoja anayejua. Nimewahi kumchapia mmoja wao barua ya kuomba nafasi ya kuzungumza kwenye sherehe ya wanawake, akalazimika kujieleza aya nzima yeye ni nani, katika halmashauri anayoitumikia.

Na jirani zetu wa Arusha wanajua swali la nani ni mjumbe wa baraza gani linavyoweza kugharimu. Mgogoro wa umeya wa mwaka 2010 ulihusu kwa sehemu kubwa ubishi kama mbunge mmoja wa viti maalum alistahili kupiga kura katika baraza lile, na tarehe 5 Januari 2011 maandamano yaliyotokana nao yaliishia katika vifo. Sidai kwamba karatasi moja ingeyazuia yote yale. Kulikuwa na mambo mazito zaidi ya karatasi. Nasema tu kwamba orodha ya wajumbe, pamoja na namna kila mmoja alivyopata nafasi yake, si jambo la kuanza kutafutwa siku ya kupiga kura.

Sasa nieleze ninachoomba kwa vitendo, nikianza na aliye karibu. Wakurugenzi, mnayo madaftari ya mahudhurio na mihtasari ya vikao. Mpeni karani mmoja kazi ya kuandika ukurasa mmoja kwa kila diwani aliyepo sasa, diwani mwenyewe ausome, asahihishe na kutia sahihi, kisha ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata na kuwekwa kwenye tovuti ya halmashauri. Nataja ubao kwanza kwa makusudi, kwa sababu wengi wa wateja wangu wana simu lakini hawana bando la kuhangaika na tovuti. Manispaa ya Moshi ina kata 21. Ukijumlisha na viti maalum hamfiki kurasa arobaini, na kwa bei ya kopi ya dukani kwangu kazi nzima haifikii nauli ya mjumbe mmoja kwenda semina Dodoma. Wakishamalizika waliopo, karani arudi nyuma kipindi kwa kipindi hadi 1994 kama mihtasari ipo, na akikwama awaite wazee, akina yule aliyenisahihisha, maana nao wanaondoka kila mwezi na mimi ndiye ninayechapa ratiba zao.

Tume ingeweza kusaidia kwa jambo moja, nalo ni kukabidhi kwa halmashauri, baada ya kila uchaguzi na ndani ya mipaka ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024, yale maelezo ya washindi ambayo tayari yalibandikwa hadharani. Na TAMISEMI, Mheshimiwa Waziri, itoe mwongozo ulio sawa kwa halmashauri zote, usioruhusu sifa za kampeni kuingia. Nasisitiza hilo la sifa. Nimeshachapa maneno kama "mpenda maendeleo" na "jembe la wananchi" mara nyingi kupita kiasi, na sijawahi kuona mwaka wala kikao ndani yake.

Mwezi uliopita diwani mmoja aliye madarakani, ambaye pia sitamtaja, alikuja kutoa kopi za vitambulisho vya kikundi fulani. Duka halikuwa na watu, nikamwonyesha karatasi niliyoitengeneza mwenyewe, yenye mistari saba ya kujaza: jina, kata, mwaka wa kuchaguliwa, kazi ya zamani, kazi ya sasa, kamati, mahudhurio. Aliisoma, akacheka hadi akavua miwani.

"Mzee wangu, mbona unataka kunizika mapema?"

Nikamweleza habari ya mwaka 1995. Akaacha kucheka, akavuta kiti. Jina na kata alijaza mara moja. Kwenye kazi ya zamani alikaa muda mrefu, akanisimulia alivyoanza na mkokoteni wa kubeba mizigo akiwa na miaka kumi na saba, jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika mkutano wake wowote wa kampeni, akauliza kama ni sawa kuliandika, nikamwambia ndiyo. Alipofika kwenye kamati alikumbuka ile anayokaa sasa, lakini ya kipindi kilichopita na miaka aliyobadilishwa hakuwa na uhakika, na kuhusu mahudhurio alisema ofisini wanayo. Akaniachia karatasi, akaahidi kwenda kuuliza.

Hii ni wiki ya tatu. Alipita jana kununua bahasha akaniambia bado hajajibiwa. Karatasi yake iko kwenye droo ya kaunta, mistari miwili ya chini ikiwa mitupu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpiga chapa wa steshenari,
Moshi mjini.

Nakala: Madiwani wote wa Mkoa wa Kilimanjaro, wa kata na wa viti maalum.